Maswali ya Wasomaji: Gololi sita zinazozungusha gurudumu

*Ndugu Mhandisi, nakusalimu. Nasoma ufundi wa magari hapa Tororo. Tumefundishwa kwamba kros ya kawaida, kile kiungo chenye umbo la msalaba kinachounganisha shafti mbili, ikipindwa haizungushi shafti ya pili kwa kasi iliyo sawa, ingawa mzunguko mmoja wa shafti ya kwanza hutoa mzunguko mmoja wa shafti ya pili. Tukaambiwa kwamba jointi ya CV, yaani jointi ya kasi sawa iliyo kwenye shafti za magurudumu ya mbele, haina kasoro hiyo kwa sababu gololi zake hukaa katikati ya pembe. Kwa nini kukaa katikati ya pembe kusawazishe kasi? Na ni kitu gani kinachozishika gololi hizo zikae hapo?*

Umeuliza maswali mawili, na yote mawili yanastahili jibu refu, kwa kuwa watu wengi huridhika na hayo maneno ya "katikati ya pembe" bila kuuliza zaidi.

Tuanze na kros. Ina mikono minne: miwili imeshikwa na uma wa shafti inayosukuma, na miwili imeshikwa na uma wa shafti inayosukumwa. Shafti zikinyooka hakuna tatizo. Zikipindwa, mikono ya kwanza hailazimiki kufuata chochote isipokuwa shafti yake, na mikono ya pili vivyo hivyo, ilhali shafti zenyewe hazielekei upande mmoja. Kwa hiyo kros huyumba: robo ya mzunguko huinama kuifuata shafti moja, robo inayofuata huinama kuifuata nyingine, na katikati hupita tu bila kutulia. Hapo ndipo kasi inapoharibika. Pembe ikiwa nyuzi 30, na shafti ya kwanza ikizunguka mara 1,000 kwa dakika bila kubadilika, shafti ya pili hushuka hadi 866 na kupanda hadi 1,155, na hufanya hivyo mara mbili katika kila mzunguko. Ukitaka kukokotoa mwenyewe, kasi ya chini ni kasi inayoingia mara kosini ya pembe, na kasi ya juu ni kasi inayoingia gawanya kwa kosini hiyo hiyo. Kwa nyuzi 10 tofauti haifiki asilimia 2 kila upande, na ndiyo maana kros inavumilika kwenye propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Lakini kwa nyuzi 40, ambazo gurudumu la mbele linaweza kuzikaribia usukani ukikatwa wote, kasi ingecheza kati ya 766 na 1,305. Nguvu ya kuzungusha nayo ingecheza kwa kinyume, ikiongezeka kila kasi inapopungua, na dereva angeuhisi usukani ukimvuta na kumwachia mikononi.

Sasa tuje kwenye jointi ya CV. Chora shafti mbili zinazokutana kwa pembe kwenye nukta moja, kisha chora bapa linalopita kwenye nukta hiyo na kuigawa kona hiyo nusu kwa nusu. Bapa hilo ni kama kioo: shafti ya upande mmoja ni sura ya shafti ya upande wa pili. Nukta yoyote iliyo juu ya kioo chenyewe iko mbali na mstari wa katikati wa shafti ya kwanza kwa kiasi kile kile ilivyo mbali na mstari wa katikati wa shafti ya pili, na haiwezi kuwa vinginevyo. Weka gololi kwenye nukta hiyo. Shafti ya kwanza inaisukuma gololi, nayo gololi inaisukuma shafti ya pili. Mwendo ambao gololi inasukumwa nao ni kasi ya shafti mara umbali wa gololi kutoka mstari wa katikati wa shafti hiyo. Gololi ni ile ile, kwa hiyo mwendo ni mmoja. Umbali ni sawa kwa pande zote mbili. Basi kasi za shafti hazina budi kuwa sawa.

Zingatia jambo moja hapa, maana ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza. Umbali wa gololi kutoka mstari wa shafti haubaki vile vile muda wote. Gololi ikiwa milimita 30 kutoka kitovu cha jointi na pembe ikiwa nyuzi 40, umbali huo hubadilika kati ya milimita 30 na milimita 28 na ushei kadiri jointi inavyozunguka. Hilo halidhuru, kwa sababu hubadilika kwa shafti zote mbili wakati ule ule na kwa kiasi kile kile. Kinacholeta usawa wa kasi si umbali kutobadilika, bali ni umbali wa upande huu kufanana na wa upande ule katika kila nukta ya mzunguko. Ukilishika hilo, mengine yote ya jointi hii ni mbinu za kulitimiza.

Unaweza kulijaribu kwa mikono yako. Chukua vipande viwili vya waya mnene, ukunje ncha ya kila kimoja kwa nyuzi 45, sawasawa kabisa, kisha uvipitishe kwenye vipande viwili vya bomba jembamba ulivyovipigilia ubaoni kwa pembe, ili ncha zilizokunjwa zipishane na kugusana. Zungusha waya mmoja taratibu, nao utausukuma mwingine. Angalia mahali zinapogusana: hapatulii, panateleza juu ya nyaya zote mbili, lakini daima pako kwenye ule mstari unaoigawa kona katikati. Nyaya mbili hizo haziwezi kuendesha gari, kwani husukuma upande mmoja tu, lakini kanuni yote iko hapo.

Swali lako la pili ni nani anayezishika gololi. Fungua jointi ya nje iliyochakaa, ile iliyo upande wa gurudumu, uioshe kwa mafuta ya taa, kisha uipindue mkononi. Utaona sehemu nne: kikombe cha nje chenye mifereji sita ndani yake, pete ya ndani yenye mifereji sita mgongoni, gololi sita, na keji yenye madirisha sita. Pete ya ndani imevaa meno ya shafti inayotoka kwenye giaboksi. Kikombe kimeungana na kijiti chenye meno kinachoingia kwenye habu ya gurudumu. Kila gololi imekaa nusu kwenye mfereji wa pete na nusu kwenye mfereji wa kikombe, na nguvu yote ya injini hupita kwenye ubavu wa mfereji mmoja, ikapitia gololi, ikaingia ubavu wa mfereji wa pili.

Mifereji hiyo imekunjwa kama sehemu ya duara, lakini duara la mifereji ya pete na duara la mifereji ya kikombe hayana kitovu kimoja. Kitovu cha moja kimesogezwa kidogo upande mmoja wa kitovu cha jointi, na cha jingine kimesogezwa kiasi hicho hicho upande wa pili. Kwa sababu hiyo, mfereji wa ndani na wa nje haiendi sambamba: nafasi kati yake ni pana upande mmoja na nyembamba upande mwingine, na gololi hupata mahali pamoja tu panapoitosha. Kwa kuwa vitovu vimesogezwa kwa usawa, mahali hapo ni juu ya lile bapa la nusu pembe. Pinda shafti nyuzi 40, gololi zitajipeleka zenyewe kwenye nyuzi 20. Mifereji hiyo huzisukuma gololi kuelekea upande mpana, na keji ndiyo inayozizuia zisitoke, ikizishika zote sita kwenye bapa moja ili isiwepo inayotangulia wala inayochelewa. Kwa maoni yangu keji ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote katika jointi hii, kwa kuwa haibebi nguvu ya kuzungusha, lakini ikipasuka gololi hupoteza bapa lake na jointi nzima hukwama.

Ili uone uzito wa kazi yenyewe, tuchukue mfano. Injini ikitoa nyutoni-mita 150, gia ya kwanza ikizidisha mara 3.5 na difu ikizidisha mara 4, tunapata nyutoni-mita 2,100, ambazo difu huzigawa kwa shafti mbili, yaani 1,050 kila upande. Gololi zikiwa sentimita 3 kutoka katikati, nguvu inayopita ni nyutoni 35,000, na kila gololi, jointi ikiwa imenyooka, inabeba takriban nyutoni 5,800, ambazo ni karibu na uzito wa kilo 600. Jointi ikipindwa mgawanyo huo hauwi sawa tena. Kila gololi hupokezana kubeba zaidi na kubeba pungufu katika kila mzunguko, huku ikienda mbele na nyuma ndani ya mfereji wake karibu milimita 10 kila upande. Ndiyo maana chuma chake hugumishwa juu kwa moto hadi kiwe kigumu kabisa, na ndiyo maana grisi yake si grisi yoyote.

Muundo huu wa gololi sita ulibuniwa na Alfred Rzeppa, mhandisi wa kampuni ya Ford nchini Marekani, katika miaka ya 1920. Wakati huo huo nchini Ufaransa Jean-Albert Grégoire na Pierre Fenaille walikuwa na jointi yao ya Tracta, isiyo na gololi, inayotumia vipande vya chuma vinavyoteleza. Zote mbili zilitumika kwenye magari ya kijeshi ya Vita vya Pili vya Dunia, yale yaliyohitaji magurudumu ya mbele yavute na kukata kona kwa pamoja. Gari la Mini la mwaka 1959 ndilo lililoifanya jointi ya Rzeppa iwe kitu cha kawaida kwenye magari madogo.

Kuhusu jointi ya ndani, ile iliyo karibu na giaboksi, mara nyingi haina gololi kabisa. Ina miguu mitatu yenye vigurudumu vinavyotembea kwenye mifereji mitatu iliyonyooka, kwa sababu gurudumu likipanda na kushuka kwenye mashimo, umbali kati yake na giaboksi hubadilika, na lazima pawepo kitu kinachoingia na kutoka kwa sentimita kadhaa. Haiwezi kupindwa sana kama ya nje, lakini haihitaji, kwani upande wa giaboksi hakuna usukani. Kwa hiyo kwenye kila shafti kazi zimegawanywa: ya nje inapinda, ya ndani inateleza.

*Mhandisi, mimi naendesha gari la kukodi kati ya Busia na Jinja, gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele. Nikikata kona huku nikikanyaga mafuta nasikia "ka-ka-ka-ka" upande wa kushoto mbele, lakini kwenye barabara iliyonyooka kumetulia. Fundi mmoja ameniambia niongeze grisi tu na kufunga buti jipya, ule mfuko wa raba unaoifunika jointi. Mwingine amesema ninunue shafti nzima. Nimsikilize nani?*

Ndugu yangu dereva, sauti hiyo ya kugonga wakati wa kona, chini ya mzigo, ni alama ya jointi ya nje iliyolika, na grisi mpya haitaiponya.

Nitakueleza kwa nini inagonga kwenye kona na kunyamaza kwenye mnyoko. Gari linapokwenda mbele bila kukata kona, gololi hazitembei sana; zinabeba mzigo zikiwa karibu mahali pale pale katikati ya mfereji, kwa maelfu ya kilomita. Maji na vumbi vikiingia, hapo hapo katikati ndipo panapolika kwanza. Ukiosha jointi ya namna hiyo na kupitisha ukucha ndani ya mfereji, utauhisi ukingo wa shimo dogo, na ukiielekeza penye mwanga utaona doa lisilong'aa limezungukwa na mkanda uliosuguliwa ukameta. Gari likiwa limenyooka, gololi imelala ndani ya shimo lake na haina sababu ya kugonga. Ukikata kona, inalazimika kutembea ndani ya mfereji, inapanda ukingo wa shimo ikiwa imebeba mzigo mkubwa, kisha inaachiliwa ghafla. Kila gololi inafanya hivyo kwa zamu yake, na ndiyo maana unasikia mfululizo unaokwenda haraka kadiri gurudumu linavyokwenda haraka.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ni upande gani. Tafuta uwanja ulio wazi, fungua madirisha, kata usukani wote upande mmoja na uzunguke polepole ukikanyaga mafuta kidogo, kisha rudia upande mwingine, na mtu asimame nje asikilize. Sauti husafiri kwenye chuma cha gari na humdanganya aliyeketi ndani. Ukisikia badala yake mshindo mmoja unapokanyaga na kuachia mafuta, au gari likitetemeka linapoongeza mwendo kwenye mnyoko, elekeza macho kwenye jointi ya ndani, ile ya miguu mitatu.

Fundi wako wa kwanza angekuwa sahihi kabisa kama ungemwendea mapema. Buti likipasuka leo na jointi bado haijaanza kugonga, kazi ni kufungua, kuosha grisi yote ya zamani hadi chuma kionekane, kukagua mifereji, kupaka grisi nyeusi yenye molibdenamu kwa kiasi kinachokuja na buti, na kufunga klipu zote mbili kwa nguvu. Mchanga wa marramu ukishachanganyika na grisi, hugeuka kuwa dawa ya kusugulia chuma, na kuongeza grisi juu yake bila kuosha ni kuuacha mchanga uendelee na kazi. Tabaka gumu la juu la chuma likishalika, lililo chini yake ni laini zaidi, na kuanzia hapo uharibifu huenda mbio. Wewe umeshafika huko. Nimewaona madereva wengi wakinunua buti mara mbili kwa ajili ya jointi ambayo tayari ilikuwa imekufa, na inaniuma, kwa sababu kuchungulia buti hakuhitaji hata jeki: unakata usukani wote, unainama nyuma ya gurudumu, unaangalia kama kuna ufa katika mikunjo ya raba au grisi iliyorushwa ikaganda ndani ya rimu.

Wapo mafundi wanaohamisha jointi ya kushoto kwenda kulia na ya kulia kwenda kushoto, pale ambapo zinafanana. Jambo hilo lina msingi wake: jointi ikihama upande, gololi husukuma ubavu wa pili wa mfereji, ambao haujalika sana. Inasaidia kwa muda, lakini sipendi kuipendekeza kwa gari linalobeba abiria safari ndefu, kwa kuwa lile shimo bado limo ndani, na ukirudi nyuma kwa mzigo gololi itaingia humo tena.

Si lazima ununue shafti nzima ikiwa jointi ya ndani na meno ya shafti ni mazima. Nunua jointi ya nje peke yake. Ukichukua iliyotumika, ishike kikombe kwa mkono mmoja na shafti kwa mwingine, uisokote huku na huku: isiwe na uchezaji unaousikia. Kisha ipinde pande zote. Iende kwa uzito ulio sawa, bila kukwamakwama. Hesabu meno ya pande zote mbili na uyalinganishe na ya zamani, na ikiwa gari lako lina breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu yasijifunge, angalia kama ile pete yenye meno ya kusomea kasi ipo na ina idadi ile ile. Nimeshuhudia mtu akifunga jointi iliyoingia vizuri kabisa, kisha taa ya breki ikawaka siku nzima kwa sababu ya pete hiyo tu.

*Mzee Mhandisi, shikamoo. Nina taksi ya abiria 14 hapa Arua, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Kros za propela zilibadilishwa zote mbili, mpya, lakini tangu siku hiyo gari linatetemeka kuanzia kilomita 60 kwa saa. Ningeweza kuwekewa jointi ya CV badala ya kros?*

Marahaba. Propela yako haihitaji jointi ya CV, na nadhani kros zako hazina kosa.

Katika jibu la kwanza nimeeleza kwamba kros moja ikipindwa huharibu kasi. Propela ina kros mbili kwa makusudi: ya kwanza inaiharibu kasi, na ya pili inairudisha ilivyokuwa, kipimo kwa kipimo, hata difu ikapokea mzunguko ulio laini. Ni kipande cha katikati tu kinachozunguka kwa kupanda na kushuka, na kwa pembe ndogo za propela hilo linavumilika. Lakini kufutana huko kuna masharti mawili. Uma wa mbele na uma wa nyuma wa kipande hicho cha katikati lazima ziwe zimelala kwenye mstari mmoja, na pembe ya kros ya mbele lazima iwe sawa na pembe ya kros ya nyuma.

Sharti la kwanza ndilo ninaloshuku limevunjwa kwako. Propela ina sehemu yenye meno inayoingia na kutoka, na wakati wa kubadilisha kros ni rahisi kuivuta ikaachana. Ikirudishwa ikiwa imeruka meno kadhaa, uma hazilali tena pamoja, na kros ya pili haifuti tena kosa la ya kwanza lote; zikipishana sana, inaliongeza. Mtetemeko wake huja mara mbili kwa kila mzunguko wa propela, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo unavyozidi kuwa mkali. Ingia chini ya gari likiwa limezimwa na magurudumu yamewekewa vizuizi, angalia masikio ya uma wa mbele, kisha tembeza macho hadi masikio ya uma wa nyuma wa kipande hicho hicho. Yakielekea upande mmoja, uko salama kwa sharti hilo. Yakipishana, vuta meno, geuza hadi yalingane, uyarudishe.

Ikiwa yamelingana na mtetemeko upo, kagua pembe. Mpira wa giaboksi uliolala, au springi za nyuma zilizoongezewa majani ili gari libebe zaidi, hubadilisha mwinamo wa difu, na hapo pembe mbili hazifanani tena. Mara nyingine zaidi ni vipande vidogo vya chuma vya kusawazisha uzito vilivyochomelewa juu ya propela ambavyo vimedondoka wakati kros zilipokuwa zikigongwa kwa nyundo. Utaona alama ya kulehemu mahali kilipokuwa, na dawa yake ni kuipeleka propela kwenye mashine ya kusawazishia.

Siku nyingine ikihitaji kufunguliwa, mwambie fundi apige mstari wa rangi kwa brashi juu ya meno na juu ya flanji ya difu kabla hajalegeza bolti ya kwanza.